Msonge: Neno Moja Lililofunika Nyumba Mbili

Mtu akifungua kamusi ya Madan ya mwaka 1903, au ile ya Johnson iliyotolewa mwaka 1939 kwa kazi ya Kamati ya Lugha, atalikuta neno msonge limeelezwa kwa ufupi sana: nyumba ya mviringo yenye paa lililochongoka juu. Maelezo hayo si ya uongo. Walakini ni maelezo ya mtu aliyesimama njiani akatazama nyumba kwa mbali, wala hakuinama akapita mlangoni. Tangu siku hizo waandishi wetu wameyapokea kama yalivyo, na leo kila nyumba ya duara iliyoezekwa kwa nyasi, iwe ya Bukoba, ya Mwanza au ya mahali pengine popote bara, huitwa msonge pasipo kuulizwa zaidi. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba kando ya ziwa la Victoria neno hilo limefunika nyumba mbili zisizofanana hata kidogo katika ujenzi wake, na kwamba kosa hili dogo la kamusi limeharibu pia namna tunavyosoma vitabu na namna tunavyohifadhi majengo.

Nianze na nyumba zenyewe. Wasomaji wa pwani wanajua kawa, kile kifuniko cha ukindu kilichochongoka kama pia, ambacho hufunikia chakula. Ukiliweka kawa juu ya chungu, umepata nyumba ya Kisukuma: chini kiambaza cha mviringo, cha miti iliyosimamishwa na kukandikwa udongo, na juu yake paa ambalo ni kitu kingine, lenye fito zake na kamba zake na nyasi zake. Sasa liondoe chungu, uliweke kawa moja kwa moja juu ya sinia. Hiyo ndiyo nyumba ya Wahaya, ambayo wao wenyewe huiita mushonge. Haina kiambaza. Paa ndilo ukuta na ukuta ndio paa, na nyasi hushuka kutoka kileleni hadi ardhini, isipokuwa pale mlangoni ambapo huinuliwa kama ukope. Nguzo zimo ndani, nazo hubeba kiunzi kizima cha matete na fito zilizofungwa duara juu ya duara.

Tofauti hii si ya umbo tu. Katika nyumba ya Kisukuma mafundi waweza kuwa wawili, wa ukuta na wa paa, na paa likichakaa laweza kuezuliwa na kuezekwa upya hali kiambaza kimesimama. Katika mushonge, kazi ni moja tangu mwanzo hata mwisho, na anayesuka ndiye anayejenga. Wengine hulitoa neno msonge katika kitenzi kusonga, yaani kubana na kusuka pamoja. Sipendi kuapa kwa asili za maneno, kwani nyingi hutungwa baada ya neno kuwapo. Lakini kama asili hiyo ni kweli, basi jina hilo laifaa sana nyumba ya Kihaya, ambayo imesokotwa yote, na laifaa kidogo tu nyumba ya Kisukuma, ambayo nusu yake imekandikwa.

Ndugu wa mushonge wako kaskazini, kule Buganda. Nyumba kubwa ya makaburi ya wafalme pale Kasubi, iitwayo Muzibu Azaala Mpanga, ilijengwa mwaka 1882 kuwa jumba la Kabaka, ikageuzwa kaburi mwaka 1884. Ndani ya paa lake huhesabiwa pete 52 za matete, kwa idadi ya koo za Waganda, na kazi ya kuezeka ni amana ya ukoo wa Ngeye. Nyumba hiyo iliteketea kwa moto tarehe 16 Machi 2010, miaka tisa baada ya kutiwa katika orodha ya urithi wa dunia. Ilijengwa upya, na mwaka 2023 ikaondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Naitaja kwa sababu moja. Waganda walipotaka kuijenga tena, fedha zilitafutwa, na miti na nyasi zikatafutwa, lakini hapakuwa na haja ya kutafuta nani aulizwe: palikuwa na ukoo ambao kazi ni yake na maneno ya kazi ni yake. Sijui ni wapi katika Usukuma tungekwenda kubisha hodi kwa namna hiyo.

Kuhusu historia, shahidi wa mapema ambaye maandishi yake twaweza kuyasoma ni Stanley. Alifika Kageyi, katika ghuba ya Speke, mwishoni mwa Februari 1875, akaiunga mashua yake Lady Alice, na mwezi wa Machi akaanza kulizunguka ziwa. Katika kitabu chake cha mwaka 1878 aeleza kwamba kijiji kile kilikuwa na nyumba ishirini au thelathini za paa lililochongoka, zimepangwa kwa namna ya duara, na kuzungushiwa ua wa miiba iliyosukwa katikati ya miti iliyosimama. Ni maneno machache, lakini yana faida. Yatuambia kwamba duara halikuwa la nyumba tu: nyumba ya duara ndani ya kijiji cha duara ndani ya ua wa duara. Yatuambia pia, kwa kunyamaza, kwamba mgeni alihesabu paa. Kiambaza, moto, mahali pa kulala na mahali pa mifugo hakuvitaja mahali hapo. Tena pale Kageyi alikuwapo mfanya biashara kutoka pwani, Songoro, na ni watu wa namna yake, siyo Stanley, walioleta Kiswahili kwenye ufuko ule. Kiswahili hicho kilifika kimebeba majina ya nyumba nyingine kabisa.

Hapa ndipo penye shauri la lugha, nami nitakaa hapa kidogo.

Nyumba ya pwani ya miti na makuti ina msamiati mpana, na wenye lugha twaweza kujivunia. Kuna nguzo, kuna mwamba unaolazwa juu ya nguzo ili ubebe makombamoyo, kuna mtambaapanya, kuna fito, kuna kipaa cha mbele na kipaa cha nyuma, kuna kisusi, kuna upenu na mchirizi. Lakini yatazame maneno hayo mmoja mmoja. Karibu yote yamezaliwa na mstari ulionyoka. Mwamba hulazwa, na kitu hakilazwi ila kina urefu na kimenyoka. Kipaa cha mbele hakiwezi kuwapo pasipo kipaa cha nyuma, na vyote viwili hukutana juu katika mgongo. Pia haina mgongo wala haina mbele na nyuma. Ina kilele kimoja na mteremko mmoja unaozunguka. Kile kinachofanya kazi ya mwamba katika nyumba ya Kisukuma ni pete ya fito zilizopindwa na kufungwa juu ya kiambaza, na Kiswahili sanifu hakina jina lake. Twaweza kusema pete ya fito, kama nilivyosema sasa hivi, lakini hayo ni maelezo, si jina.

Nilipata kwenda katika kijiji kimoja si mbali na Kisesa, nikiwa na orodha yangu ya maneno ya pwani, nia yangu ikiwa kuuliza kila neno lina jina gani kwa Kisukuma. Mzee aliyekubali kunisikiliza alikuwa ameezeka nyumba nyingi katika ujana wake. Nilimsomea orodha. Nilipofika kwenye mwamba alinizuia.

“Huo mwamba unakaa wapi, mwanangu?”

“Juu ya ukuta, Mzee, wabeba paa.”

“Kutoka kona ipi mpaka kona ipi?”

Nilinyamaza. Naye akacheka, akaniambia niifunge orodha kwanza, niitazame nyumba, halafu niulize. Shauri hilo lingewafaa na waliotutangulia katika kutunga kamusi. Tumezoea kwenda bara na jedwali lenye safu mbili, Kiswahili kushoto na lugha nyingine kulia, na kila mahali ambapo safu ya kulia haina jibu twaandika kwamba lugha hiyo “haina neno”. Hatuna desturi ya kuuliza ni maneno gani ya safu ya kulia yaliyokosa mahali kwa sababu safu ya kushoto haikuyauliza.

Upungufu huo waonekana hata katika usemi wa kawaida. Twasema mtu amejificha pembeni, tumefagia pembe zote za nyumba, kiti kimewekwa katika kona. Katika nyumba ya duara hakuna pembe ya kujificha. Mahali ndani ya nyumba hutambulikana kwa umbali wake na moto na kwa upande wake wa mlango, na anayetaka kueleza kwa Kiswahili nani hulala wapi hulazimika kuazima maneno ya chumba cha pembe nne. Ndiyo maana maelezo mengi ya nyumba hizi yaliyoandikwa kwa Kiswahili husomeka kama ramani iliyochorwa juu ya karatasi isiyotosha.

Lakini yako maneno ya bara yaliyokwisha kuingia, na kuingia kwa fahari. Ikulu ni neno la Wasukuma na Wanyamwezi kwa makao ya mtemi; leo hakuna Mtanzania asiyelijua, na hakuna anayelidhania la kigeni. Kaya nayo imekuwa neno la serikali na la hesabu ya watu, ingawa hapa nawaonya wanaopenda kulidai kwamba ni la Usukuma peke yake: Wamijikenda wa pwani ya Kenya wanalo tangu zamani, na misitu yao ya kaya imo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2008. Linalonisikitisha ni kwamba tumepokea jina la makao ya mtemi na jina la watu wa nyumba moja, lakini tumeiacha nyumba yenyewe nje. Shikome, yaani moto wa jioni uani ambapo wanaume huketi, wazee wakasimulia na vijana wakasikiliza, ni neno ambalo kila Msukuma wa makamo alijua. Katika Kiswahili twaandika “kuota moto”, na maana yote ya mahali pale imekwisha kumwagika.

Kuna neno jingine lililofanya madhara makubwa zaidi kuliko msonge, nalo ni kibanda. Wazungu walipoandika hawakuita nyumba hizi kwa jina la nyumba. Amri ya kodi ya Wajerumani ya mwaka 1897 ilitenga nyumba na vibanda, na sheria ya Waingereza ya mwaka 1922 iliendelea na kodi ya kibanda na ya kichwa. Neno la mtoza kodi likawa neno la mfasiri, na neno la mfasiri likawa neno la mwalimu wa shule. Hata leo mwanafunzi akitunga insha juu ya bibi yake wa kijijini, bibi hukaa katika “kibanda cha nyasi”, ijapokuwa nyumba hiyo huenda ilikuwa na upana uliowatosha watu wa kaya na ndama zao.

Nasema ndama kwa sababu. Katika kisiwa cha Ukara, kaskazini ya Ukerewe, ambako watu ni wengi na ardhi ni haba, Thornton na Rounce walieleza katika miaka ya 1930 jinsi ng'ombe walivyofugwa ndani, katika shimo lililochimbwa, wakaletewa majani na nyasi, na samadi yao ikakusanywa kwa uangalifu na kupelekwa shambani. Nyumba kama hiyo ni chombo cha kilimo. Ukiiondoa, umeiondoa na mbolea, na shamba linakuja kuuliza. Mtu anayeitazama na kuandika kwamba wenyeji “hulala na ng'ombe” ameona kweli, lakini hakuelewa alichokiona.

Sasa nije kwenye kitabu. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe habari ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, na hakupata mchapishaji. Alipokwisha kuwa mzee alikifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikakitoa mwaka 1980 katika juzuu mbili. Mwandishi alifariki mwaka 1981. Wahakiki kadha wa kadha wamekisifu kitabu kwa kuhifadhi mila, na papo hapo wamekilaumu kwa urefu wa maelezo ya mambo ya nyumbani, kana kwamba maelezo hayo ni mizigo iliyopakiwa juu ya hadithi. Siafiki. Hadithi yenyewe yaanza na mke asiyejaliwa mtoto, anayerudi kwa wazazi wake kwa sababu ya maneno ya wakwe, na mume anayebaki peke yake katika nyumba. Kila jambo linalofuata, tangu kwenda kumbembeleza mkwe hata kutengeneza pombe ya ndizi ya kumrudishia mke, ni safari kutoka mlango mmoja hadi mlango mwingine. Ni nani apitaye mlangoni, nani asubiriye nje, nani aketi wapi akiwa mgeni: hayo ndiyo matendo ya hadithi. Mhakiki anayeruka kurasa za nyumbani ili afike kwenye “matukio” ameruka matukio.

Walakini Kitereza alibanwa na lugha aliyoifasiria. Lugha yake mwenyewe ilikuwa na jina kwa kila kipande cha nyumba na ua. Alipohamia Kiswahili alilazimika ama kueleza kwa maneno mengi, ama kutumia neno la pwani ambalo si lake. Sehemu ya urefu unaolaumiwa imetoka hapo. Kitu ambacho Mkerewe angekitaja kwa neno moja, Mswahili hakijui, basi mwandishi hana budi kumshika mkono na kumwonyesha. Lawama hiyo ingewekwa mlangoni pa kamusi zetu ingekuwa ya haki zaidi. Nayo nakala ya Kikerewe, ambayo ndiyo ingetuonyesha ni mahali gani hasa alipobanwa, ingefaa kuchapwa kando ya Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa.

Imebaki kusema juu ya hifadhi. Pale Bujora, karibu na Kisesa, kiasi cha maili kumi na mbili kutoka mjini Mwanza kwa barabara ya Musoma, Padre David Clement wa shirika la Wamisionari wa Afrika alianzisha makumbusho ya Wasukuma. Watemi walikuwa wameondolewa madaraka kwa sheria ya mwaka 1963, na ngoma na viti vyao vilihitaji pa kukaa. Kuna nyumba za namna ya zamani, nyumba ya mganga na vyombo vya mhunzi, na jengo lililopewa umbo la kiti cha mtemi. Kanisa nalo ni la mviringo. Altare yake ina umbo la kiti cha enzi, na tabenakulo ni mfano wa nyumba ya mtemi, yenye ngao na mkuki mlangoni. Ni kazi ya mtu aliyetazama na kupenda, na bila yeye vitu vingi vingekuwa vimepotea au vimeuzwa.

Pamoja na heshima hiyo, nina neno juu ya nyumba zile za nyasi. Ni safi mno. Nyumba ya nyasi huishi kwa moshi. Moshi wa jikoni hupanda kila siku, ukakausha nyasi kwa ndani, ukafukuza wadudu, ukapaka fito masizi meusi ambayo ndiyo rangi yake halisi. Nyumba isiyokaliwa haina moto, na paa lisilo na moshi huoza upesi kuliko la jirani anayepika. Hivyo nyumba ya makumbusho, iliyowekwa ili idumu, huchakaa mapema kuliko ile iliyojengwa ili itumike. Ningependa moto uwashwe humo, hata mara moja kwa juma, chini ya macho ya mtu mwangalifu. Na mgeni atoke akinuka moshi kidogo. Tarishi wa makumbusho aliyenisikia nikisema hivyo alitikisa kichwa, akataja Kasubi. Sikuwa na jibu zuri.

Kanisa lenyewe linatufundisha jambo lingine. Duara lilichaguliwa pale kwa sababu ya maana yake, kwa kuwa vifaa vipya havilitaki. Nyasi hukubali umbo lolote, mradi mteremko uwe mkali wa kutosha kumwaga maji. Bati ni mstatili. Ukitaka kulifunika pia kwa bati huna budi kulikata pembetatu, na vipande vingi vitatupwa. Fedha za pamba zilipoanza kuingia mikononi mwa wakulima wa Usukuma, na vyama vya ushirika vikajikusanya katika shirikisho lao mwaka 1955, mtu aliyeweza kununua bati hakuwa na sababu ya kujenga duara. Kitanda cha duka na kabati la duka navyo vina pembe nne. Watu husema vijana waliidharau nyumba ya babu zao. Huenda wengine waliidharau. Lakini wengi walifanya hesabu tu. Tena mwaka 1973 ilitolewa amri kwamba watu wa mashambani wote wawe wamehamia vijijini kabla ya mwisho wa 1976, na kaya zilizotawanyika zikapangwa kwa mistari kando ya barabara. Nyumba ya duara ndani ya kiwanja cha mstari ilikuwa kama mtu aliyeketi kinyume katika gari.

Kwa hiyo wanaotunga kamusi wasingoje. Waezekaji wanaokijua kilele cha pia ni wazee, na hawatapatikana kwa kuandikiwa barua. Napendekeza kwamba neno msonge liachiwe nyumba ya namna ya Kihaya, ambayo ni paa tupu hadi chini, na nyumba ya Kisukuma yenye kiambaza ipewe jina lake katika kamusi, pamoja na jina la ile pete ya fito, jina la kilele, na jina la mahali pale kati ya moto na mlango. Majina hayo yatoke kwa wanaoyajua. Nami orodha yangu ya pwani nimekwisha kuifunga, na ukurasa wa pili umeanza na neno shikome.